Dhali ya Amana

Niliingia Likoni sina meno ya mbele. Mambo mengi ya utoto wangu nayajua kwa kuhadithiwa, lakini hilo nalikumbuka mwenyewe, kwa sababu siku hiyo hiyo nyanya yangu alinishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga wa mlangoni, akanichungulia kinywani kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Haya, huyu hana dhali."

Sikujua dhali ni nini. Nilidhani ni kitu tulichokisahau Chaani, pengine kilitakiwa kuwemo ndani ya ule mfuko wa nguo aliokuwa ameubeba mama. Nikaanza kulia. Mama alicheka. Nyanya hakucheka. Alinifuta machozi kwa ncha ya leso yake, akaniambia, "Usilie, mjukuu wangu. Dhali yako nitakuwekea mimi. Meno yakiota utaijia."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wazazi wangu walikuwa wakipanga chumba Chaani, kwenye nyumba ndefu ambayo kila chumba kilikuwa na kabila lake, nami nilikuwa nimeokota lugha zote za ule ua bila kuijua hata moja vizuri. Mama ni Mdigo wa Likoni, kazaliwa na kulelewa pale, na siku nilipoitwa na mgeni wa heshima nikajibu "nini?" badala ya "abee", aliona haya hata akashindwa kunipiga. Wiki hiyo hiyo nikavushwa kwa feri, nikakabidhiwa kwa mama yake nisome chuo. Chuo ninachokisema si kile cha kutoa digrii. Ni mahali mtoto anapokaa kwenye jamvi, akaanza alifu kwa kijiti, akaendelea mpaka akauhitimu msahafu.

Chuo cha Nyanya kilikuwa kibaraza cha nyumba yake mwenyewe. Aliniambia mara moja tu, na hakurudia, kwamba alianza kufundisha babu alipofariki, kwa sababu hakuweza kuuvumilia ukimya wa nyumba. Basi aliujaza. Watoto walikuja asubuhi kabla ya skuli na wakarudi alasiri, kila mmoja akisoma sura yake kwa sauti yake, wote kwa pamoja, na yeye katikati anasuka ukili wa mikeka. Ungedhani hasikii kitu katika lile zogo. Ukikosea, vidole vyake vilisimama, na ukili ukisimama ulijua ni wewe.

Alifundisha kama alivyofundishwa, mdomo kwa mdomo. Vitabu vilikuwepo, lakini kitabu, alisema, ni bubu. Herufi unaipokea kinywani mwa aliyekutangulia, naye aliipokea kwa aliyemtangulia, hadi huko nyuma ambako sisi hatufiki. Kwa hiyo tulifunzwa kumtazama mdomo. Vile alivyoufanya ulimi wake ndivyo tulivyoufanya wetu. Hatukuongeza, hatukupunguza, na wala hatukuuliza.

Sasa niieleze hiyo dhali, maana wengi siku hizi wanaijua kwa sura moja tu, ile ya d na h zilizofungwa pamoja. Katika herufi za Kiarabu ni ya tisa. Umbo lake ni la dali, mgongo umepinda kama wa mtu anayeinuka jamvini, ila dhali ina nukta moja juu. Nyanya alituambia kuwa dali na dhali ni dada wa tumbo moja, mmoja akaolewa akatiwa kipini puani. Nasi tuliokuwa wasichana tukaipenda zaidi dhali kwa ajili ya kile kipini.

Sauti yake inataka meno. Ncha ya ulimi inafika kwenye makali ya meno ya juu, inachungulia kidogo, kama mke wa watu anayechungulia mlangoni kuona nani amebisha, kisha inarudi ndani. "Usiutoe wote," Nyanya alikuwa akituambia. "Mwanamke hatoki mpaka barazani." Ukiurudisha mapema inakuwa dali, ukiukaza inakuwa zai. Kuipata hapo katikati si kazi ya siku moja.

Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo kabla ya skuli yoyote ya kizungu kujengwa pwani hii, na Nyanya aliandika hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. A na b hakuzijua, lakini ungethubutu kusema hajui kuandika ungekiona cha mtema kuni. Na Kiswahili chenyewe kiliipokea dhali kwa mikono miwili. Ilikuja na dhahabu na dhambi, ikaja na adhana na adhabu, na idhini, na ladha, na dhuria. Tena kwa ukarimu wetu tukaiweka nyumba moja na dhadi na dhaa, ambazo kwa Mwarabu ni watu mbali kabisa, kila mmoja na mahali pake ulimini. Kwetu wote wakawa dh. Kwenye jamvi la Nyanya hilo halikupita. "Za sokoni ni za sokoni," alisema. "Za msala ni za msala."

Wapiga nujumu nao walikuwa na dhali yao. Kwao ilihesabiwa mia saba, wakaijumlisha na herufi nyingine za jina lako kujua utaolewa na nani. Hayo Nyanya hakutaka hata kuyasikia. Kombe alilikubali. Mtoto akiugua aliandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, akanywa. Nami niliwahi kunyweshwa nikiwa na homa, bado kibogoyo, na niliitazama dhali moja pembeni mwa sahani ikiyeyuka manjano. Niliinywa kwa pupa. Nilifikiri pengine ndiyo njia ya kuipata kabla ya meno.

Maana dhali yangu nilikuwa bado sijarudishiwa, na hapa ndipo inapokuja desturi ambayo sijaisikia kwenye chuo kingine chochote. Watoto wanaoanza chuo ndio hao hao wanaong'oka meno. Walimu wengine humwacha mtoto aseme anavyoweza, akikua atajirekebisha. Nyanya hakukubali. Alisema herufi ikizoea kukaa vibaya, hata ukiijengea nyumba haihami. Kwa hiyo kibogoyo alisoma kila kitu, na akifika kwenye dhali alifunga mdomo. Nyanya, popote alipo, aliisema yeye, na mtoto akaendelea. Thaa na dhaa nazo zinataka meno, nazo ziliwekwa vile vile, lakini amana ilichukua jina la dhali kwa kuwa yeye ndiye tunayekutana naye kila mara. Hata katika ile sura ya kwanza, tunayoisoma katika kila rakaa ya kila sala, yumo mara moja. Ebu fikiria vibogoyo watano sita wanasoma sura mbalimbali, na bibi mmoja anawadakia dhali zao huku na huku bila kuinua macho. Sijamuona wa kufanana naye.

Meno yakiota alikuita mbele. Alikuambia uweke kiganja karibu na mdomo, useme, na yeye akaweka chake kando ya chako aisikie pumzi. Akiridhika alitangaza, "Dhali yako nimekurudishia. Amana imefika." Siku hiyo kwenu walileta sahani ya kaimati, watoto wote wakala. Nilipofika mimi kulikuwa na tatizo dogo, kwamba kwetu ni kwake. Basi Nyanya alizikaanga mwenyewe jikoni, akazibeba mpaka kibarazani, akazipokea, akazishukuru na kuwaombea dua waliozileta.

Skuli tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili kutoka bara, mtu mpole, anayeijua sarufi kuliko sisi sote. Lakini dhahabu yake ilianza kwa sauti ya thelathini. Darasa zima la watoto wa pwani lilikuwa likisubiri atamke dhambi ili tukanyagane miguu chini ya dawati. Siku moja nikamwigiza nyumbani. Vidole vya Nyanya vikasimama kwenye ukili.

"Sema kuphiya," akaniambia.

Kuphiya ni kwenda kwa Kidigo, na ile ph hupulizwa kwa midomo yote miwili, kama unapoza uji. Mimi mtoto wa Chaani niliitoa kwa meno, ikawa f tupu.

"Haya," akasema. "Nikucheke?"

Sikumwigiza tena yule mwalimu. Siku nyingine Nyanya alilichukua daftari langu, akaniuliza dhali ya Kizungu iko wapi, nikamwonyesha d na h. Alizitazama kwa huruma. "Maskini," akasema, "herufi moja wanaibeba wawili."

Kisha meno yake yakaanza kucheza.

Nilikuwa nimeshaanza kuvaa buibui wakati huo, ni katikati ya miaka ya themanini. Yalitoka moja moja, mengine yakang'olewa hospitali, mpaka hakubaki na hata moja la mbele juu. Siku aliyorudi hospitali alikuwa ameuziba mdomo kwa mtandio, na kesho yake alikaa jamvini kama kawaida. Kwetu mtu mzima hatajiwi mwili wake.

Kilichobadilika ni maneno yake, nami nilichelewa kukiona. Dhahabu ikawa "vito". Dhambi ikawa "makosa". Akitaka idhini aliomba "ruhusa". Nilidhani ni uzee unachagua maneno yake. Mama alimtengenezea meno ya bandia, na siku ya kwanza alisoma nayo aya moja, yakateremka katikati ya neno. Watoto waliuma midomo yao. Aliyatoa taratibu, akayaosha, akayatia kwenye kikombe. "Siwezi kumsomea Mola kwa kinywa cha kuazima," alisema, na kikombe kikakaa rafuni mpaka mama alipokuja akakichukua.

Miaka hiyo kulikuwa na kijana aliyesoma kwa Nyanya utotoni, akaenda ng'ambo kwa masomo, akarudi na kufungua madrasa upande wa Mtongwe. Ilikuwa na madawati, ubao mweusi na sare. Alikuwa mtaratibu, mwenye sauti ya kupendeza, na Likoni nzima ilimwita Ustadhi, hata wazee waliompakata. Nyanya peke yake hakumwita hivyo. Alimwita "kijana wangu", tena mbele ya wanafunzi wake. Watu walisema ni wivu wa jamvi kwa dawati. Nami, Mungu anisamehe, niliwaamini.

Ukaja Mfunguo Sita, na vyuo vyote vya karibu vikakusanyika kwenye Maulidi, kila chuo kikatoa watoto wake wasome mbele za watu. Nilikaa na Nyanya upande wa wanawake, nyuma ya pazia, lakini tulikaa pembeni ambapo tuliona vizuri. Watoto wetu walisimama. Wavulana kanzu nyeupe, wasichana mitandio myeupe, wote na meno yao kamili, wameng'aa kama sahani mpya. Wakaanza vizuri.

Walipofika kwenye dhali ya kwanza, wote kwa pamoja waliukunja mdomo wa juu, wakayafunika meno yao mazima, wakautoa ulimi na kuubandika pale juu ya mdomo. Ikatoka sauti ya mate, si dali, si zai, si herufi yoyote iliyo kwenye msahafu. Walifanya hivyo kwa bidii na kwa heshima kubwa. Hivyo ndivyo walivyomwona mwalimu wao akifanya, nao walifundishwa kumtazama mdomo.

Upande wa wanaume mtu alicheka. Mwingine akamfuata. Mwanamke aliyekaa mbele yetu aligeuka kututazama, kisha akageuka haraka kama aliyeungua. Niliona haya, na nikaona hasira juu ya wale waliocheka, hasira ambayo nikipita uwanja ule mpaka leo hunirudia kidogo. Mkono wa Nyanya ulikuwa umeushika wangu. Sidhani kama alisikia kicheko. Kinywa cha mtu hakijisikii. Katika mazungumzo aliikwepa, lakini miaka yote ile, alipokuwa akisoma, alikuwa akiisikia kichwani ile dhali yake ya zamani, yenye meno. Ile ya sasa aliisikia siku hiyo, katika vinywa vya watoto.

Asubuhi yake nilimkuta ameyakunja majamvi, ameyasimamisha ukutani. Watoto walipofika aliwaambia kutoka mlangoni, "Rudini kwenu. Chuo kimefungwa."

"Mpaka lini, Nyanya?" mmoja akauliza.

"Nendeni, wanangu."

Nilimfuata ndani. Alikuwa amekaa kitandani, amejishika magoti. "Watoto wa watu wana meno," aliniambia, "na mimi nimewatia ila kinywani. Waliniachia amana, nami nimekula amana." Sikuwahi kumsikia akisema neno zito kama hilo juu yake mwenyewe, wala juu ya mtu mwingine yeyote.

Basi nyumba ikanyamaza. Jirani yetu wa bara, mama mmoja muuza mboga, alikuja kuuliza kuna msiba gani, kwa sababu yeye alizoea kuamka kwa kelele zetu na sasa alikuwa akichelewa sokoni. Nyanya alisuka ukili bila kuinua uso. Chakula alikigusa tu. Alisali kwa midomo bila sauti, hata katika zile sala ambazo zamani alizisoma nikamsikia jikoni. Niliogopa. Nilijua alianzisha chuo kwa kuukimbia ukimya, na sasa ulikuwa umemfikia, na niliona waziwazi kwamba chuo kile kikifa na yeye hatakaa.

Siku chache baadaye, baada ya alasiri, tulisikia hodi. Alikuwa Ustadhi, peke yake, na kifurushi cha halua.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, kijana wangu. Pita ukae."

Nilimletea kigoda, akakisogeza kando, akakaa chini. Nilileta kahawa. Alizungusha kikombe mkononi muda mrefu, kisha akasema, "Nyanya, kama kuna nililokukosea, niambie nikutake radhi. Watu wote huniita kwa elimu yangu. Wewe uliyenipa ya kwanza ndiwe waninyima."

Nyanya alimtazama. Akauondoa mtandio mdomoni, ambao wakati huo alikuwa hauondoi mbele ya mwanamume yeyote, akajaribu kumwita. Mwanzo wa neno ulitoka sawa. Mwisho wake uliteleza kwenye ufizi ukamwagika. Akajaribu tena, ukamwagika tena.

"Ndiyo maana nisikuite," akasema. "Si kiburi, mwanangu. Wallahi si kiburi. Niliona heri nikuite kwa neno zima la mtoto kuliko neno bovu la mkubwa."

Ustadhi aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwa upole kwamba dini ni nyepesi, kwamba asiyeweza ana udhuru, na kisomo chake kinapokewa kama kilivyo.

"Changu mimi sawa," Nyanya akasema. "Wao je? Wao wana meno. Wachukue wewe, waanze upya kwa mdomo mzima."

Alikataa, Nyanya akasisitiza, mwisho akasema inshallah, Jumamosi atakuja kuwachukua. Alisimama, akavaa viatu, na pale mlangoni akageuka akatabasamu. "Dhali yangu mimi uliniwekea muda mrefu," akasema. "Meno yangu yalichelewa. Mpaka leo nazikumbuka zile kaimati." Nadhani aliyasema kwa kuaga tu, kama mtu anavyotafuta neno jema la kuondokea. Lakini yalinikaa moyoni, hata kulala sikulala vizuri.

Kesho yake, baada ya alasiri, Nyanya alifungua msahafu wake kwenye marfaa ya mbao asome fungu lake la siku, midomo inacheza bila sauti. Nilikwenda nikakaa mbele yake, magoti yangu karibu na yake, kama wanavyokaa watoto.

"Nyanya, soma kwa sauti."

"Nyamaa."

"Soma. Ukifika kwenye dhali, funga mdomo. Dhali yako nitakuwekea mimi."

Mtoto hamwamuru mkubwa, na mimi nilijua hivyo. Alinitazama mpaka nikataka kuinuka nikimbie. Kisha akashusha macho kwenye ukurasa, akaanza. Sauti yake ilitoka ya woga, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika. Ilipofika dhali ya kwanza, alifunga mdomo. Nikaisema. Akaendelea. Ya pili alifunga, nikaisema, akaendelea upesi kidogo, na tulipogeuza ukurasa ile sauti ya zamani ilikuwa imerudi, ile iliyokuwa ikinifikia jikoni. Tulisoma mpaka adhana ya magharibi.

Alipofunika msahafu alinishika kidevu, kama siku ile niliyotoka Chaani, akaniinua uso, akanikagua meno ya juu na ya chini.

"Yapige mswaki," akasema.

Nilitumwa Mtongwe baada tu ya sala, giza halijakaza. "Mwambie kijana wangu asije kuwachukua," aliniagiza. "Mwambie nimepata meno." Ustadhi alicheka mpaka akajifuta macho. Jumamosi alikuja kweli, lakini alikuja kuyatandika majamvi pamoja nasi, na tangu hapo kila alipopata nafasi alipita akawasikiliza watoto.

Chuo kikaendelea hivyo, kwa vinywa viwili. Nyanya alisoma, alifika kwenye dhali akainua kidole, nami nikaisema, na watoto wakageuza nyuso zao kunitazama mimi, kisha wakazirudisha kwake. Kuwaondolea ule mkunjo wa mdomo kulituchukua muda, kwa sababu alichosema Nyanya kilikuwa kweli, herufi ikizoea haihami upesi. Mmoja wao sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Changamwe na ana watoto wake, na nimemsikia akisalisha. Bado anaukunja kidogo. Mimi sikumwambia kitu, na wewe ukimjua usimwambie.

Wenzangu walipomaliza skuli walikwenda kutafuta kazi kwenye mahoteli ya Shanzu. Nami niliitwa huko mara moja, nikaenda kutazama, nikarudi. Watu walisema nimejifunga kwa bibi kizee. Waseme. Kuna wanaohitajiwa kwa mikono yao, mimi nilihitajiwa kwa herufi moja, na nilikuwa na furaha.

Katikati ya miaka ya tisini Nyanya akawa hainuki tena. Chuo nikakishika mimi, yeye akisikiliza kutoka chumbani, mlango wazi. Jioni nilimsomea, na kwa kuwa hakuwa na nguvu tena, nilisoma kila kitu peke yangu, dhali na zisizo dhali. Midomo yake ilinifuata nyuma.

Alasiri moja aliniomba ile sura ya kwanza, yenye dhali moja. Nilimwinua kidogo kwenye mto, nikasoma taratibu. Nilipokaribia lile neno aliinua kidole, kama alivyofanya miaka yote kunipa zamu yangu. Nikafungua mdomo. Kile kidole kikaja kikatua kwenye midomo yangu, kikaifunga.

Aliutoa ulimi, akaubandika kwenye ufizi, akaisema mwenyewe. Ilitoka ile ile ya mate, ile iliyochekwa uwanjani. Sikuirekebisha. Ilikuwa yake. Nilisoma sura mpaka mwisho, akaitikia amina, na mimi machozi yakiniteremka nilimwambia kama alivyokuwa akituambia sisi, "Dhali yako nimekurudishia, Nyanya. Amana imefika."

Alicheka, ufizi wote nje, bila mtandio.

Asubuhi nilikaanga kaimati, nikazibeba mpaka kibarazani. Watoto waliniuliza ni nani aliyeota meno. Nikawaambia ni za Nyanya, wale. Walizigombania, wakasukumana, mmoja akamwaga shira jamvini wakaanza kulaumiana, na Nyanya kitandani kwake akawa anawasikiliza. Alifariki wiki hiyo hiyo, baada ya alfajiri, watoto wameshakaa na kila mmoja anasoma sura yake. Nyumba ilikuwa imejaa kelele.